Nguo Ishirini na Mbili za Aquilina

Saksafoni isiyopulizwa siku tatu huwa kavu. Mate ya mpigaji hukauka siku ya kwanza, ulimi wa mwanzi hujipinda, na pedi za ngozi zinazoziba matundu hukakamaa kidogo. Abilio Poma alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo, na jambo hili alilijua kama anavyoijua njia ya chooni kwake. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, alipofungua sanduku na kuiinua saksafoni yake, na maji yakachuruzika kutoka kwenye domo lake hadi juu ya viatu, kwanza aliangalia dari. Dari ilikuwa nzima. Tena ulikuwa mwezi wa Juni, na bonde la Mantaro halijui mvua mwezi wa Juni.

Alichovya kidole ndani ya domo la shaba. Maji yalikuwa vuguvugu. Akanusa kidole, akasikia harufu ya sabuni ya kufulia.

"Nélida," aliita, "umemwaga maji ya kufulia kwenye sanduku langu?"

"Mimi?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Nimekaa uke wenza na hilo sanduku miaka ishirini. Ningetaka kulimwagia kitu, ningelimwagia mafuta ya taa."

Alisema hivyo bila kujisumbua kupaza sauti, na jirani wa nyumba ya pili akacheka. Nélida ndivyo alivyoumbwa. Aliuza mahindi ya kuchemsha na jibini sokoni Jauja, na sauti yake ndiyo ilikuwa duka lake. Wauzaji wenzake walishaacha kunadi. Walimwachia yeye aite, kisha wakagawana wateja waliokuja. Akisema "mahindi ya moto," mtu aliyekuwa kituo cha mabasi alijikuta anameza mate.

Abilio alipitisha kitambaa chake cha hariri ndani ya saksafoni, mara moja, mara ya pili, kikatoka kimelowa chepechepe. Akaianika saksafoni uani juani. Mchana alipoirudia ilikuwa na maji tena, na maji yale yalikuwa bado vuguvugu.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu kitambaa hicho, maana Abilio mwenyewe hakumwambia mtu.

Wapiga muziki wa sherehe ndogo ndogo si wezi, lakini mikono yao haikai tupu. Ukiwaita kwenye ubatizo, au kuezeka nyumba, au kutia ng'ombe alama, wataondoka na paja la sungura ndani ya kofia na kiberiti chako mfukoni, na mwakani utawaita tena. Katika okestra ya Don Crispín Ñaupari walikuwamo wapuliza saksafoni tisa, na Abilio alikuwa wa kujaza. Alisimama nyuma, karibu na kinubi, akapiga walichopiga wenzake kwa sauti ya chini zaidi. Angeugua wiki nzima, asingeuliziwa na mtu ila na mpishi. Saksafoni yake ilishikiliwa na mipira ya kufungia, gundi ya viatu, na springi moja aliyoitoa kwenye kalamu.

Siku nane kabla ya Jumatatu ile, okestra ilipiga mtoni kwenye ufuaji wa Aquilina Surichaqui. Katika bonde lile, mtu akishazikwa, siku ya tano nguo zake zote hupelekwa mtoni na kufuliwa, hata soksi, hata leso ya kufutia kamasi, kisha zinachomwa. Roho hukaa katika jasho la nguo, zikifuliwa inaachia. Majivu yake hutandazwa sakafuni kwa marehemu, na alfajiri watu huja kutazama nyayo. Zikiwa zinatoka mlangoni, wafiwa wanakula supu na mambo yamekwisha.

Aquilina alikufa kwa mapafu. Wiki tatu alikaa wima kitandani akivuta hewa isiyomtosha, na neno lake la mwisho lilikuwa "fungueni dirisha," na dirisha lilikuwa wazi. Aliyesimamia ufuaji alikuwa dada yake mkubwa, Hilaria, mfuaji wa nguo za wafu kwa vijiji vitano, mwanamke mfupi mwenye mikono myekundu na ulimi usio na breki. Alizihesabu nguo mbele ya watu. "Ishirini na mbili zinaingia. Ishirini na mbili zitatoka. Mwenye macho ahesabu pamoja nami."

Baridi ya asubuhi hiyo ilikuwa ya kukata masikio. Saksafoni ikipulizwa katika baridi, pumzi hugeuka maji ndani yake, na ya Abilio ilianza kukoroma katikati ya wimbo. Don Crispín akamkata jicho. Kitambaa chake cha kukaushia, kipande cha shati kuukuu, alikuwa amekisahau kwenye ubatizo kijiji cha pili. Akageuka, na pale juu ya kichaka, ikingoja zamu yake ya kuingia majini, kulikuwa na leso ya hariri ya samawati ambayo Aquilina alicheza nayo kila sikukuu ya Januari.

Hariri haiachi nyuzi. Hata matajiri hukaushia kwa hariri. Abilio aliangalia huku na huku, akachana upindo wa leso ile mkono mzima kwa urefu. Kisha akachana upindo wenyewe vipande viwili: kipande kirefu cha kupitisha mwilini mwa saksafoni, na kingine cha shibiri mbili, chembamba kama utepe, cha kupitisha shingoni mwake. Leso ikabaki leso. Hilaria alipohesabu, zilitoka ishirini na mbili.

"Kitachomwa tu," Abilio alijiambia akikausha saksafoni. "Cha kuchomwa kina mwenyewe?"

Ndivyo alivyosema, na alijiona mjanja.

Jumamosi baada ya maji yale ya kwanza, okestra iliitwa kuezeka nyumba. Nyama ililiwa, chicha, pombe ya mahindi, ikanywewa, na wenye nyumba wakaomba ule wimbo wa kuwalilia wazazi waliokufa kabla ya kuona paa. Abilio alipuliza sehemu yake ya nyuma kama siku zote. Lakini ulimi wa mwanzi ulipogusa mdomo wake, alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi katika miaka ishirini na sita. Hakupuliza. Alivutwa. Pumzi ilitoka kifuani mwake kabla hajaitoa, kama mtu anayenyang'anywa kikombe, na saksafoni ikalia sauti ambayo wenzake wanane waliigeukia wote kwa pamoja, kisha wakaacha kupiga mmoja mmoja ili waisikie. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayelia akiwa amechoka kulia. Mzee wa nyumba alikaa chini akafunika uso kwa kofia. Na wimbo ulipokwisha, Abilio akauondoa mdomo wake, ile noti ya mwisho iliendelea kidogo. Si kwa muda mrefu. Muda wa mtu kumeza mate mara moja.

Watu walidhani ni mwangwi wa bati jipya. Wakapiga makofi.

"Umekula nini leo?" Don Crispín alimwuliza pembeni. "Miaka yote hii ulikuwa umemficha wapi huyu mtu?"

"Mtu gani?" Abilio alishtuka.

"Huyu anayepuliza. Sikia, sikukuu ya Santiago, mwezi wa Julai, utasimama mbele. Sauti ya kwanza, siku tatu zote. Mwambie mkeo apige koti pasi."

Abilio alirudi nyumbani akiwa na furaha, na chini ya furaha hiyo kulikuwa na woga, na alifanya kama wafanyavyo wengi wetu: aliikalia ile ya juu. Akalisukuma sanduku chini ya kitanda upande wa Nélida, ambako ndiko lilikokaa miaka yote, kwa kuwa upande wake yeye kulikuwa na mabuti.

Wiki iliyofuata Nélida alianza kukohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Wiki ya pili, sauti yake haikufika tena kituo cha mabasi. Wiki ya tatu muuza viazi wa meza ya jirani akaanza kunadi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu amwache mume wake wa kwanza, na Nélida akarudi nyumbani na nusu ya mahindi ndani ya sufuria.

"Wamenizoea tu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Baridi hii ikiondoka nitawaonyesha."

"Kunywa chai ya mnanaa," Abilio alisema.

"Nimekunywa mpaka nanuka kama kilima. Mzee wangu, hebu nikuulize kitu. Wewe husikii harufu ya sabuni humu ndani?"

"Hapana," alijibu Abilio, naye alikuwa akiisikia tangu mlangoni.

Mchana mmoja, Nélida alipojilaza baada ya soko, Abilio aliingia chumbani kutafuta gundi yake. Jua liliingia dirishani, jogoo aliwika nje, kila kitu kilikuwa cha mchana na cha kawaida. Alipiga magoti achukue sanduku, akasita, kwa sababu alisikia pumzi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mkewe juu ya kitanda, ya haraka, ya juu juu. Ya pili ilikuwa chini ya kitanda, nayo ilikuwa ndefu, ya taratibu, ya mtu anayefaidi, na kadiri alivyobaki pale magotini akiwa ameshika ukingo wa shuka ndivyo alivyotambua kwamba hazikuwa zikienda pamoja wala hazikuwa zikipishana ovyo, bali kila pumzi ya Nélida ilipotoka, ile ya chini iliingia, na ya Nélida ilipotaka kurudi ilirudi pungufu, kidogo tu, kila mara kidogo tu, kama mtu anayechota maji ya jirani kwa kijiko ili asigundulike.

Alilitoa sanduku mbio akalipeleka kwenye banda la kuni, akafunga mlango kwa waya. Kesho yake adhuhuri alimkuta Nélida amekaa chini mbele ya banda lile, mgongo umeegemea mlango, amelala usingizi na mdomo wazi. Alipomwamsha, hakukumbuka alifikaje pale.

"Nilisikia kama mtu ananiita nimpishe," alisema, na kila neno alilivuta kwa shida.

Ndipo Abilio akapanda basi kwenda Huancayo, sanduku mapajani. Usidhani alienda kwa mganga. Alienda kwa fundi. Mtu akiogopa sana hutafuta kwanza jambo dogo la kutengeneza.

Zócimo alikuwa amefungua na kufunga kila saksafoni ya bonde lile tangu ujana wake. Karakana yake haikuwa na dirisha, kwa makusudi: ili kuona pedi inayovuja, alizima taa ya chumba na kuingiza ndani ya chombo taa nyembamba kama kijiti, na pale mwanga ulipochungulia pembeni mwa pedi ndipo hewa ilipotorokea.

"Inavuta maji, kaka," Abilio alimwambia. "Nafikiri ni pedi."

"Hicho chombo ni gundi ya viatu yenye saksafoni ndani yake," Zócimo alisema. "Lete tuone."

Kwanza aliweka karatasi ya sigara chini ya pedi moja, akaibonyeza, akaivuta karatasi. Ilishikwa vizuri. Akaiachia pedi ikainuka wazi kabisa, akaivuta karatasi tena. Bado ilikuwa imeshikwa. Zócimo alitazama karatasi ile inayotetemeka hewani juu ya tundu lililo wazi, ncha yake imeelekea ndani. Kisha ikamtoka vidoleni, ikaingia.

Zócimo alizima taa ya chumba, akaingiza taa ya kijiti ndani ya saksafoni.

Mwanga ulionekana kwenye matundu yote, njano, kama nyumba ya ghorofa ndogo usiku. Halafu ukafifia. Ukarudi. Ukafifia tena, na katika kufifia kule pedi za juu zilijifunga zenyewe, polepole, moja baada ya nyingine kuteremka chini, bila kidole cha mtu, kisha mwanga uliporudi zikafunguka kwa mpangilio uleule kutoka chini kwenda juu, na wanaume wawili wazima waliosimama gizani wamekumbatia meza walisikia shaba ile ikivuta hewa ya chumba, ndefu, ndefu, ikikwaruza mahali fulani ndani kama koo lenye makohozi, mpaka masikio yao yakaziba na harufu ya sabuni ikawajaa mdomoni, na karibu kabisa na domo, kwa sauti ndogo ya mtu asiye na nguvu za kupoteza, kitu kikasema, "Dirisha."

Zócimo aliwasha taa. Alikosa swichi mara mbili kwanza.

"Umekipitishia nini chombo hiki?" alinong'ona.

Abilio alitoa kile kipande kirefu cha hariri. Zócimo hakukigusa. Alikuwa mtu wa bonde lilelile, na sikukuu ya Januari alikuwa anacheza; leso ile aliijua.

"Ilifuliwa?"

"Haikuwa imefika zamu yake."

"Haikuwa imefika zamu yake," Zócimo alirudia taratibu. "Wewe mtu una kichwa au una kofia tu? Toka nacho humu. Nenda kwa Hilaria leo hii, usingoje kesho. Nina saksafoni ya mteja aliyehamia Lima, nitakuazima kwa Santiago. Hiyo usiniletee tena."

Hilaria alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza yote bila kuinua macho. Masimulizi ya Abilio yalipofika kwenye kichaka na leso, kisu kilisimama.

"Mimi nilihesabu," alisema. "Mbele ya watu nilihesabu. Nyayo kwenye majivu zilikuwa hafifu, nikasema ni upepo. Umenifanya niwadanganye watu na umemfungia mdogo wangu nje ya safari yake, ili upige muziki vizuri."

"Ili nikaushe tu, mama."

"Mwanamke yule alikufa anatafuta hewa. Ukampa bomba la hewa. Ulitegemea afanye nini, akushukuru?" Akainuka, akajifuta mikono. "Mkeo anaongea bado?"

"Kwa kunong'ona."

"Basi twende. Akinyamaza kabisa, usinibishie mlango."

Walienda mtoni palepale, alasiri, jua likiwa bado juu ya maji. Hilaria alikifua kile kipande kwa sabuni, akakipiga juu ya jiwe, akakisuuza mara tatu. Kisha akaonyesha sanduku.

"Na hiyo."

"Mama, maji yataua pedi zote. Itakuwa bati tu."

"Chagua mke gani unamtaka."

Abilio aliiteremsha mwenyewe. Alilia, na hatumlaumu. Miaka ishirini na sita si mchezo. Saksafoni ilizama hadi shingoni, na viputo vikaanza kupanda. Vilipanda vingi kuliko hewa ambayo chombo kile kingeweza kubeba, vikapanda hadi mkono wake ukafa ganzi, na kila kiputo kilichopasuka juu ya maji kilitoa sauti ndogo, na sauti zile alizitambua moja moja: mkoromo, kikohozi, kipande cha wimbo wa kuezeka nyumba, na sauti ya mkewe ikisema "moto, moto, moto."

"Aquilina," Hilaria alisema, akiwa magotini majini, kwa sauti ya dada anayemwamsha mdogo wake kwenda shule. "Inatosha sasa. Nimezeeka, magoti yananiuma, usinirudishe hapa tena. Nenda."

Viputo vikaisha. Hilaria akakikamua kitambaa.

"Ishirini na mbili, na hiki cha ishirini na tatu," alisema. Kisha akamtazama Abilio usoni. "Ndicho chote?"

Sasa, kile kipande kidogo, utepe ule wa shibiri mbili, kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la okestra, nyumbani. Abilio alikuwa anajua. Aliufikiria mto, akafikiria saksafoni ya kuazima isiyo na historia yoyote, na Don Crispín, na safu ya mbele, na mzee aliyefunika uso kwa kofia. Utepe mwembamba kiasi kile ungebeba nini? Pumzi mbili tatu. Kwa Santiago tu. Siku tatu, halafu angeuchoma kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndicho chote, mama."

"Mficha maradhi kifo humwumbua," Hilaria alisema, lakini alikuwa amechoka, na hakuuliza tena.

Jioni walikichoma kile kipande kirefu kwenye jiko la Abilio. Hilaria alichanganya majivu yake na ya kuni, akayachekecha sakafuni kuanzia kitandani hadi mlangoni, akaagiza Abilio na mkewe walale jikoni, na yeye mwenyewe akajilaza kwenye benchi nje. Nélida alikuwa amekwisha kulipiga pasi koti la mumewe na kulitundika. Walipokuwa wanakula, naye amejifunga shali hadi kidevuni, alisema, "Nipe chumvi." Alisema kwa sauti kamili, ya kawaida, na Abilio alishika kijiko bila kukipeleka mdomoni. Alimpa chumvi, akampa na mkate, akampa na viazi vyake yeye.

Kulipopambazuka, Hilaria alisukuma mlango wa chumba. Mwanga wa kwanza uliingia mlalo juu ya majivu.

Nyayo zilikuwapo. Zilikuwa za mwanamke, peku, ndogo, kidole cha mwisho kimejikunja kama alichokuwa nacho Aquilina. Zilitoka kitandani kuja mlangoni. Abilio alishusha pumzi na kuanza kutoa shukrani, lakini Hilaria alimshika mkono, akainama, kisha akapiga magoti kabisa.

"Angalia vizuri," alisema kwa sauti ya chini.

Pembeni mwa kitanda, upande wa Nélida, palikuwa na nyayo mbili sambamba. Kutoka hapo hadi mlangoni zilikuwa za mguu wa kulia peke yake. Kulia, kulia, kulia. Ule wa kushoto haukuwa umesogea.

"Mtu hatoki nusu," Hilaria alisema. "Kiko wapi kingine?"

Abilio alikimbilia koti lililotundikwa ukutani, akaingiza mkono mfuko wa ndani, akaugeuza nje ndani. Ulikuwa mtupu, na safi, na ulinuka sabuni.

"Unatafuta nini, mzee wangu?"

Nélida alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai. Uso wake ulikuwa na rangi tena, macho yanang'aa. Shali alikuwa ameivua, na kooni, chini ya kidevu, alikuwa amejifunga utepe wa hariri ya samawati, na ncha zake amezishikiza kwa pini.

"Nimekikuta jana nikipiga pasi," alisema. "Kilikuwa laini, nikasema hiki ndicho cha kufungia koo. Nilipokifunga tu, sauti hiyo, ikarudi. Mama Hilaria, hata wewe husikii?"

"Kivue," Hilaria alisema. "Mwanangu, kivue polepole, unipe."

"Nikivue kwa nini, na ndiyo kwanza nimepona?" Nélida alicheka, akaweka vikombe chini, akajipepea kwa mkono. "Humu ndani kuna joto gani. Abilio, hebu fungua dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi. Baridi ya Julai ilikuwa inaingia na kutikisa pazia.

"Hamniamini," alisema. "Basi sikilizeni, nitawanadia kama sokoni."

Akajishika kiuno, akavuta pumzi ya kunadi. Kifua kikapanda, mabega yakapanda. Pazia likaacha kutikisika, likalala kumwelekea yeye. Majivu sakafuni yakaanza kutambaa, nyayo zikafutika, yakaenda mlangoni kwa mstari mwembamba mpaka kwenye mdomo wake, na utepe kooni ukazama ndani ya ngozi, naye bado alikuwa anavuta. Abilio alisimama na mfuko mtupu mkononi, akimwangalia mkewe, akisubiri aitoe pumzi ile.